Stima ipo, ila haitoshi kuzungusha feni

Mhariri,

Gazeti lako nalinunua pale Mkunguni miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari. Leo nimeshindwa. Ile habari yenu kwamba Lamu tumestarehe tangu tuachane na jenereta za dizeli na kuungwa na gridi ya taifa, mwandishi wenu aliiandika mchana. Angengoja Maghribi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa moja mwezi uliopita, friza yangu ilianza kunguruma bila kuwaka. Ndani mna kilo arubaini za samaki, changu na nguru, mali ya harusi ya Shela. Feni ya dari yaenda polepole hata mapanga yake nayahesabu. Mwanangu akatia mita kwenye soketi: volti 171. Inatakiwa 240! Kabla hatujaizima friza, harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Asubuhi fundi akafungua kompresa, koili nyeusi kama mkaa. Akanieleza kwamba volti zikishuka hadi 170, nguvu ya mota kuanza kuzunguka hupungua kwa nusu nzima, na mota isiyozunguka huvuta stima nyingi mpaka ijichome yenyewe. Samaki wengine niligawia majirani, waliobaki wakaliwa na paka wa Langoni, nao hawakulipa. Nikaenda kulalamika ofisi ya stima. Kijana wa dirishani akatazama fomu yake, akasema ina mahali pa kuandika stima imekatika, hapana mahali pa stima hafifu. Na kwa kuwa taa zilikuwa zawaka, basi hapakuharibika kitu.

Najua laini yetu yatoka mbali, Rabai hadi Malindi, Garsen, ndipo ije huku, zaidi ya kilomita 300. Lakini dawa ya umbali si siri: kapasita za kuinua volti jioni mota zikishaanza kuvuta, transfoma ambazo ngazi zao za volti hupandishwa na kushushwa, na rieakta za kuzuia volti zisipande kupita kiasi usiku wa manane watu wamelala. Mtaani kwetu transfoma ni ile ile ya zamani, na nyumba za wageni zaongeza ghorofa, kila chumba na kiyoyozi chake.

Na hizo nyaya za vichochoroni! Mji wa urithi wa dunia tangu 2001, na punda aliyebeba mchanga hapiti mpaka mwenyewe ainue waya kwa fimbo.

Nina chumba juu, chatazama bahari. Mhandisi mmoja aje akae mwezi mzima, simtozi kitu. Sharti ni aje na friji yake mwenyewe, aijaze nyama aliyoinunua kwa pesa zake, aichomeke soketi ya upande wa baraza kuanzia Maghribi hadi saa tatu. Mita ninayo.

Muuza samaki,
Langoni, Lamu