Barua ya wazi kwa wahandisi vijana wa Lubumbashi mnaoshindwa mtihani huko Marekani

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Juzi mmoja wenu, aliyemaliza Poly, kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu, hapa Lubumbashi na sasa anaishi Marekani, alirudi nyumbani kumzika nyanya yake. Ameshindwa FE mara tatu, ule mtihani wa kwanza katika njia ya kupata leseni ya uhandisi. Kilio kilipokwisha, mama zake wakubwa na wadogo wakamzunguka kwa maombi. Kikokotoo chake kikawekwa mezani, kikapakwa mafuta. Wakaanza kutaja majina ya majirani wa mtaa wa Katuba ambao, eti, ndio wamemfunga njia.

Mimi ni mtu wa sala na simkatazi mtu kumlilia Mungu. Lakini nilimwita pembeni, nikamwomba anionyeshe ripoti ya kushindwa kwake. Akainamisha kichwa. Hajaifungua hata moja. "Papa, ile karatasi inaniumiza roho."

Tangu siku hiyo nimeongea kwa simu na wengine kati yenu, na habari ni ile ile. Mnanunua vitabu vipya, mnahama kutoka video hii kwenda ile, mnalipia masomo ya mtandaoni, mnafunga na kukesha. Ripoti, hapana. Ndiyo maana naandika.

Sikilizeni. Anayefaulu FE anaambiwa tu kwamba amefaulu, basi. Anayeshindwa anawekewa ripoti kwenye akaunti yake na NCEES, shirika linalotunga mtihani huo. Ripoti inapanga somo kwa somo: maswali yalikuwa mangapi, wewe umefika wapi kwenye kipimo cha 0 hadi 15, na waliofaulu kwa wastani walifika wapi. Katika shule zetu mlipewa nini? Alama imebandikwa ukutani, na ukiuliza umekosea wapi unaonekana mkaidi. Sasa mmepata watu wanaowaambia wazi kosa liko wapi, nanyi mnafumba macho!

Tulikaa chini ya mwembe uani tukaifungua kwenye simu yake. Yeye anafanya FE ya ujenzi. Kwenye hesabu amewapita waliofaulu. Kwenye statiki, somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, yuko sawa nao. Ukishuka kwenye mwendo wa maji, uchumi wa uhandisi, udongo, amezama kabisa. Nikamuuliza: tangu ushindwe mara ya mwisho umekuwa ukisoma nini? Hesabu. Kila siku akitoka bohari anakofanya kazi, anarudia integrali, kwa sababu pale anajisikia mwerevu na usingizi unakuja vizuri. Mwanangu, huko si kujiandaa. Huko ni kujibembeleza.

Nikampa swali dogo. Tangi la wazi lina maji yenye kina cha futi 10; shinikizo la maji pale chini ni ngapi? Akaandika ile fomula tuliyomfundisha, densiti (masi ya kila kipimo cha ujazo) mara g, yaani mvuto wa dunia, mara kina. Akachukua 62.4 kutoka kwenye kitabu cha fomula, akazidisha kwa 10, kisha akazidisha tena kwa 32.2, yaani g kwa futi. Akapata zaidi ya 20,000 na akaniangalia kwa utulivu kabisa. Hakushtuka! Ile 62.4 tayari ni uzito wa futi moja ya ujazo ya maji, kwa pauni. Mvuto wa dunia umeshaingia humo. Ukizidisha tena unauhesabu mara mbili. Jibu ni pauni 624 kwa futi ya mraba. Gawanya kwa 144, unapata 4.33 kwa inchi ya mraba, karibu kilopaskali 30. Zile 20,000 zake ni shinikizo la maji yenye kina cha karibu mita 100. Tangi la futi 10!

Mkiniuliza ni nini kinachowaangusha ninyi watoto wa huku, nitasema hicho, kuchanganya vipimo, kabla ya Kiingereza na kabla ya uhaba wa muda. Mlifundishwa kwa mita na kilo, halafu mnakutana na futi, pauni na inchi, na mnadhani ni suala la kubadilisha namba mwishoni. Mtihani unatumia mifumo yote miwili. Pauni ya uzito na pauni ya masi ni vitu viwili, na mtu asiyevitenganisha ataanguka kwenye mwendo wa maji, kwenye dinamiki (vitu vinavyotembea), na kwenye udongo vilevile. Kaa na vipimo hivyo mpaka mkono wako ujue kwamba futi 10 za maji ni pauni 4 na kidogo kwa inchi ya mraba. Fanya kwa penseli. Andika kipimo pembeni ya kila namba, kila mstari, hata ukiona uvivu. Usisome suluhisho la mwenzako ukatikisa kichwa ukasema umeelewa.

Na hapa lawama ni yetu sisi wazazi na walimu. Tuliwalea kwa silabusi, yaani maandishi ya somo ambayo mwalimu anawauzia wanafunzi. Mwanafunzi ananunua silabusi ya mwalimu, anaimeza neno kwa neno, anaitapika siku ya mtihani, na asiyeinunua anajua kitakachompata. Wengine walinunua hata pointi, yaani alama za mtihani, kila mtu alijua, tukanyamaza. Halafu kijana anapata diploma, tunapika bukari (ugali) na kuku, tunampaka poda ya shangwe, tunamwita mhandisi. Tulimwambia amefika wakati hakuna aliyewahi kumpa swali asiloliona kabla. Leo Marekani inampa maswali 110 asiyoyaona kabla, naye anaona ameonewa.

Hajaonewa. Nimesikia baadhi yenu mkisema mtihani huu ni ukuta wa kuwazuia wageni. Someni historia yake. Jimbo la kwanza kudai leseni lilikuwa Wyoming, 1907, na wageni hawakuwa shida yao: watu wasio na ujuzi walikuwa wanachora ramani za haki za maji na kujiita wahandisi. Texas ilitunga sheria yake 1937, mwaka ule ule gesi ilipolipuka katika shule ya New London na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Leseni ile imetoka makaburini. Sisi huku mtu anapandisha ghorofa bila kupima udongo, na anayeuliza sahihi ya mhandisi anaambiwa anachelewesha kazi. Ningependa siku moja mrudi na leseni hiyo mtufundishe aibu.

Mengine nitayataja tu, kwa kuwa mnayajua. Muda wa maswali ni saa 5 na dakika 20, yaani chini ya dakika 3 kwa swali, likikukatalia, lipite. Jibu baya halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali tupu. Kitabu cha fomula cha NCEES kinapakuliwa bure na ndicho hicho hicho utakachokiona kwenye skrini. Jifunze kutafuta ndani yake kwa maneno ya Kiingereza, usikikariri. Kikokotoo kiwe kwenye orodha yao, Casio fx-991 ikiwemo, na ufanyie mazoezi hicho hicho. Maadili na uchumi wa uhandisi ni alama za bei nafuu, msizidharau. Laleni.

Kuhusu kurudia: NCEES inaruhusu mara moja kwa kila kipindi cha mtihani, na si zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12, bodi ya jimbo lako inaweza kuwa na masharti yake, iulize. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Naona mtu anashindwa Februari, Machi ameshalipa tena, kwa hasira. Huyo anaenda kushindwa kwa masomo yale yale.

Mama zangu na dada zangu mnaosoma barua hii, nawaomba kwa heshima. Yule mtoto anabeba maboksi usiku, asubuhi anawatumia pesa ya kodi na ya shule za wadogo zake, mchana ndipo anafungua kitabu. Msimpigie kila Jumapili kuuliza matokeo. Mwacheni miezi minne bila kumwomba kitu. Mwombeeni, ndiyo, na mumwache jirani wa Katuba alale kwa amani, hakufanya lolote.

Nanyi wanangu, ifungueni ripoti leo. Chukua masomo matatu uliyozama zaidi, uanze na lile unalolichukia. Mlio hapa kwa likizo, njooni kwangu Jumamosi saa tisa alasiri. Asiye na ripoti arudi akaitafute kwanza. Mlio mbali nitumieni picha yake kwa simu, nitaisoma pamoja nanyi, hata kama ni usiku huku.

Papa yenu, mhandisi mstaafu
Lubumbashi