Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Chanjo ya Mabinti Zetu Isitafutiwe Kiki

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu kwako na kwa wenzako huko Dodoma. Nakuandikia kuhusu kampeni za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, nikianzia na jambo lililotokea India, kwa sababu naliona linabisha hodi kwetu.

Tarehe 2 Februari 2024, ukurasa wa Instagram wa mwigizaji Poonam Pandey ulitangaza kwamba amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Vyombo vya habari vikaidaka, rambirambi zikamiminika. Kesho yake akajitokeza kwenye video, mzima kabisa, akasema alitaka watu wauzungumzie ugonjwa huo. Kampuni ya matangazo iliyoshiriki, Schbang, iliomba radhi, hasa kwa walioguswa na saratani, lakini haikusahau kutaja jinsi ugonjwa huo ulivyotafutwa kwenye Google.

Kiki tunazijua. Msanii anaachana na mpenzi wake wiki moja kabla ya wimbo kutoka, wimbo ukishatoka wamerudiana. Tunacheka, maisha yanaendelea. Hata Brazili, Septemba 2013, tajiri Chiquinho Scarpa alitangaza Facebook kwamba atalizika gari lake la Bentley. Watu wakamtukana. Siku ya mazishi akawaambia waandishi kuwa watu huzika kila siku vitu vya thamani kuliko gari, yaani viungo ambavyo vingeokoa wagonjwa. Huyo simlaumu sana. Hakuna aliyelia msiba, na hakusema uongo wowote kuhusu figo wala moyo.

Wa India ulikuwa uongo kuhusu ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Wanaomtetea Pandey wanasema watu wamejifunza. Wamejifunza nini? Kwamba mwanamke mchangamfu leo, kesho saratani imemwondoa. Saratani hii haiui hivyo. Huletwa na kirusi cha HPV, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikigoma kutoka, kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, na miaka 5 hadi 10 kwa anayeishi na VVU bila dawa. Miaka yote hiyo ndiyo nafasi yetu. Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya anaweza kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, akaona weupe usiotakiwa, dalili ya mabadiliko yanayoweza kuja kuwa saratani, na penye vifaa akautibu siku hiyohiyo. Mama aliyeaminishwa kuwa ugonjwa huu huua ghafla, akapimwe ili iweje?

Na habari ya kweli ilikuwepo. Siku moja tu kabla ya "kifo" hicho, Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alikuwa amesema bungeni kwamba serikali itahamasisha chanjo ya kuzuia saratani hiyo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msiba wa uongo ukaimeza. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikalazimika kukanusha kwamba inafikiria kumfanya Pandey balozi wa kampeni yake.

Sisi tulianza chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018, tukianza na mabinti wa miaka 14. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja, miaka 9 hadi 14. Muda wote huo inakimbizana na maneno yaleyale: inafunga kizazi, ni njama ya kutupunguza, mbona hawachanjwi wavulana? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba hana cha kujibia isipokuwa kuaminika kwake. Siku itakapobainika kuwa kampeni yenye nembo ya wizara ilimzushia mtu kifo, atajibiwa mlangoni: mlitudanganya kuhusu maiti, mtashindwa kuhusu sindano?

Sikuombi umfunge mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tayari inaadhibu taarifa za uongo, na kwa maoni yangu adhabu zake ni kali mno. Ninachoomba ni kifungu kimoja katika kila mkataba wa wizara na wasanii, mabalozi na kampuni za matangazo: hakuna kuzusha ugonjwa, kifo wala mtoto kupotea, hata kwa saa moja. Halafu fedha ya tangazo ielekezwe kwa waganga wakuu wa wilaya, wajibu uvumi kwa sauti zao wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, siku ileile uvumi unapoanza. Na wanawake waliotibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road wakapona, walio tayari kusimulia, wapewe kipaza sauti na walipwe kama wasanii wanavyolipwa.

Ningefurahi kupata jibu lako kabla ya Wiki ya Chanjo, mwishoni mwa Aprili. Binti yangu yuko darasa la nne, zamu yake imefika, na shangazi zake wameshaanza kuniuliza maswali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Morogoro