“Dawa ya maumivu” na “asinyanyue mkono” hayatoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu karatasi anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuwekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo cha umeme kinachousaidia moyo kupiga sawasawa. Kuhusu maumivu, mara nyingi karatasi hiyo ina maagizo mawili tu: “dawa ya maumivu” na “asinyanyue mkono”. Yote mawili ni sahihi, ila hayamfikishi mtu mbali. La kwanza humpeleka duka la dawa kununua diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mara nyingi haimfai. La pili humfanya aufunge mkono shingoni wiki sita nzima, akaishia kuwa na betri nzuri na bega bovu.

Tuanze na mkono, maana hapo ndipo hofu ilipo. Betri hulazwa chini ya ngozi, kwa kawaida upande wa kushoto, chini kidogo ya mtulinga. Nyaya zake, mara nyingi moja au mbili, hupitishwa ndani ya mshipa wa damu mpaka kwenye moyo, na ncha ya kila waya hushikizwa kwenye ukuta wa moyo kwa skrubu ndogo sana au kwa vijino laini. Kovu la kuishika ncha hiyo sawasawa huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujengeka. Kabla ya hapo, kunyoosha mkono juu ya kichwa kwa nguvu au kubeba mzigo mzito kunaweza kuing'oa. Ncha ikihama, betri huendelea kutoa umeme lakini moyo hauupati, na kizunguzungu kilichompeleka mtu hospitali kinarudi.

Lakini kutonyanyua si kutotikisa. Bega lisilotumika hukakamaa upesi, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Ndiyo maana wiki ya tatu unamkuta mgonjwa kidonda kimefunga vizuri kabisa, naye analalamika maumivu juu ya bega, shingoni na mgongoni upande uleule. Hayo hayatoki kwenye betri. Ni misuli iliyokazwa mchana na usiku kwa kuogopa, na bega hilo huweza kuchukua miezi mingi kulegea.

Kinachoruhusiwa, tangu siku ya kwanza, ni hiki: kufumba na kufumbua vidole, kuzungusha kiganja, kukunja na kunyoosha kiwiko, kupandisha mabega na kuyashusha. Ganzi ya upasuaji ikishaisha na mgonjwa akiweza kusimama bila kuyumba, aongeze zoezi la kuning'iniza: ainame kidogo, ashike meza kwa mkono usio na betri, auache ule wenye betri uning'inie kwa uzito wake, auzungushe taratibu mara 10 upande mmoja na mara 10 upande wa pili, mara 3 kwa siku. Kiwiko kinaweza kupanda mpaka usawa wa bega, kisipite hapo. Kula, kuandika, kuosha uso na kufunga vifungo vya shati ni kazi za mkono huohuo, asizikwepe. Kitambaa cha kutundikia mkono, kama alipewa, kazi yake ni saa 24 za mwanzo, na baadaye labda usiku tu kwa mtu anayetupa mikono usingizini. Hospitali hazifanani katika idadi ya wiki za kujizuia, kwa hiyo mgonjwa afuate aliyopangiwa na waliomfanyia upasuaji.

Kinachokatazwa nacho kitajwe kwa jina: kubeba zaidi ya kilo 5 kwa mkono huo, kusukuma kitu kizito, kujining'iniza kwenye bomba au tawi, kufua kwa kukamua, kupeleka mkono nyuma ya mgongo. Jambo moja husahaulika karibu kila mara, nalo ni kuinuka kitandani. Mtu huegemea kiwiko cha upande wenye betri na kujisukuma, na uzito wote wa kiwiliwili unaangukia hapo. Ageukie upande wa pili kwanza, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono usio na betri. Nguo iwe ya vifungo mbele. Mkono wenye betri uingie kwanza wakati wa kuvaa na utoke mwisho wakati wa kuvua.

Sasa dawa. Ganzi huisha baada ya saa chache, kwa hiyo maumivu halisi huanza jioni ya siku ya upasuaji, na huenda mgonjwa akawa ameshafika nyumbani. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo kali, kisha hupungua, na baada ya wiki moja au mbili wengi hubaki na kuvuta kidogo wanapojigeuza. Katika siku hizo za mwanzo dawa imezwe kwa saa, isisubiriwe mpaka maumivu yashike kasi. Kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au mazoea ya pombe apunguziwe na daktari. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, hivyo anayezichanganya anajizidishia dozi bila kujua. Na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akimeza dozi kamili siku kadhaa mfululizo, awaarifu wanaompima damu, maana inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu, hilo halina ubishi, na kwa mtu mwenye moyo mzima aliyeteguka kifundo cha mguu ni dawa nzuri. Kwa huyu wa betri mara nyingi si hivyo. Wengi wao tayari wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na zikikutana na diklofenaki damu huweza kuvuja tumboni au ndani ya mfuko wa betri, yaani ile nafasi chini ya ngozi ilimolazwa. Wengine wana moyo uliochoka, na dawa hizi huufanya mwili ushike maji na chumvi. Miguu inavimba, pumzi inakata. Wengine wanatumia dawa za presha na za kukojosha, na mchanganyiko huo unaweza kuzishtua figo. Muuza dawa hawezi kuyajua haya kama mteja amesema tu “nina maumivu ya bega”. Mgonjwa aonyeshe kadi ya betri na orodha ya dawa zake kabla ya kununua chochote. Ila asije akaacha aspirini ndogo aliyoandikiwa kwa ajili ya moyo akidhani nayo ni dawa ya maumivu iliyokatazwa.

Tramadoli na kodeini, dawa kali zaidi za maumivu, huandikwa kwa baadhi ya watu, na si kosa, lakini hufunga choo na kuleta kizunguzungu, na kizunguzungu hicho humtia mtu wasiwasi kwamba betri imeharibika. Mengine ya kupunguza maumivu hayamezwi: barafu iliyozungushiwa taulo, dakika 10 hadi 15, bila kulowanisha bandeji, mto mdogo chini ya mkono wakati wa kulala chali, kitambaa kilichokunjwa kati ya kidonda na mkanda wa gari. Kuchua mahali penye betri, hapana. Kuigeuzageuza betri kwa vidole chini ya ngozi ni kubaya zaidi, kwani ikizunguka hujiviringishia nyaya zake na kuzivuta kutoka moyoni.

Kuna maumivu ambayo si ya kumeza dawa na kungoja. Michubuko ya kawaida hushuka chini kwa uzito wa damu. Mtu hujikuta na rangi ya zambarau mpaka kwenye titi au mkono wa juu, kisha inageuka kijani na njano ndani ya wiki 2 au 3, na haiumi sana. Lakini uvimbe unaokua, ngozi ikatanda na kung'aa, na maumivu yakaongezeka badala ya kupungua, ni damu iliyojaa kwenye mfuko wa betri. Arudi hospitali siku hiyohiyo. Asikubali mtu aitoboe kwa sindano ili kuitoa, kwani sindano huweza kuingiza vijidudu.

Maumivu yaliyokwisha ondoka kisha yakarudi, hata baada ya miezi, pamoja na wekundu, joto, usaha, homa au ngozi kuwa nyembamba juu ya betri, yachukuliwe kuwa maambukizi mpaka daktari aseme vingine. Hapa ndipo antibayotiki za kununua bila cheti huleta hasara kubwa. Bakteria hujenga utando juu ya betri na nyaya, vidonge haviwezi kuuondoa, ila hupoza dalili kwa muda na kuharibu kipimo cha damu ambacho kingeonyesha ni bakteria gani. Maambukizi yakishafika kwenye mfuko wa betri, kwa kawaida tiba ni kuondoa betri na nyaya zote.

Maumivu makali ya kifua unapovuta pumzi, hasa saa 48 za mwanzo, au kukosa pumzi au kuzimia wakati wowote, ni dharura: huenda pafu limetobolewa na hewa ikajaa pembeni yake, au ncha ya waya imepenya ukuta wa moyo. Mkono wa upande wenye betri ukivimba wote, huenda damu imeganda mshipani. Kwikwi zisizokoma au tumbo kurukaruka kwa mapigo sawasawa ni ishara kwamba huenda umeme wa waya unausisimua mshipa wa fahamu, au waya umehama, kwa hiyo betri ipimwe upesi. Mara nyingine fundi wa betri hupunguza nguvu ya umeme kwa mashine na mambo yakaisha bila kisu. Ngozi kufa ganzi na mchomo mdogo kando ya kovu vinaweza kukaa miezi. Hivyo vinachosha, haviui.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu wanaotibu mabega. Mashine ya kutuliza maumivu kwa kupitisha umeme kwenye ngozi inaweza kuidanganya betri ikadhani moyo unapiga wenyewe, isitumike bila ruhusa ya kliniki ya moyo. Ile ya kupasha misuli joto kwa mawimbi ya redio isitumike kabisa, kwani hupasha nyaya moto mpaka moyoni. Bangili na mikanda ya sumaku inayouzwa kama tiba ya maumivu ikae mbali na kifua, angalau sentimita 15. Na karatasi ya kutokea hospitali iandikwe jina la dawa, dozi, saa, mienendo ya mkono inayoruhusiwa, na namba ya simu inayopokelewa hata usiku, kwa sababu ganzi huisha usiku.

Muuguzi wa wagonjwa wa moyo