Barua kwa mwanangu Somoe kabla hajapanda ndege

Chikongola, Mtwara

Mwanangu Somoe,

Salaam aleikum. Huku nyumbani hatujambo. Kusi bado linavuma, mikorosho imeanza kutoa maua, na bibi yako kifua kinamsumbua usiku ila mchana anashinda vizuri barazani.

Mama yako amenieleza mliyozungumza kwenye simu juzi. Usimlaumu. Amesema barua ya ufadhili unayo, viza imetoka, shangazi yako ameshakununulia na sweta, na wewe unataka kukiandikia chuo kwamba huendi tena. Sababu ni ndege. Dar es Salaam hadi Addis Ababa kama saa tatu, kisha Addis hadi Guangzhou, Uchina, saa kumi na zaidi, na hujawahi kukanyaga hata ngazi yake. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu utasema "sawa baba" halafu utakata. Barua utaisoma mara ya pili ukiwa peke yako.

Sitakuambia usiogope. Naona kila mtu amekuambia hivyo, na hofu haijawahi kuondoka kwa kuamriwa. Nataka nikueleze ninachokijua kuhusu ndege, kwa sababu nimeishi nazo karibu kuliko watu wengi wa mtaa huu.

Wewe unakumbuka buti na sare ya zimamoto ikianikwa uani. Kazi yenyewe ya zimamoto pale uwanja wa ndege ilikuwa hivi. Kabla ndege haijafika uwanjani, gari linapita njia ya kurukia kutoka mwanzo hadi mwisho, watu wanatazama kama kuna jiwe, mbwa, au kundi la kunguru. Sisi gari letu la maji na povu limeshajaribiwa tangu asubuhi, pampu zimewashwa na kuzimwa, mavazi ya moto yamewekwa mahali ambapo mkono unayapata hata gizani. Kanuni za kimataifa zinataka gari la kwanza la zimamoto lifike popote kwenye njia ya kurukia kwa muda usiozidi dakika tatu, na linalolengwa hasa ni dakika mbili. Tulilifanyia mazoezi hilo, saa mkononi, jua la Mtwara likiwa utosini. Kisha ndege inatua salama, abiria wanashuka, wanatafuta mabegi yao na bajaji zao, na sisi tunarudi kivulini kungoja inayofuata.

Kwa hiyo, mwanangu, baba yako alilipwa mshahara ili aogope kwa niaba ya abiria. Na sikuwa peke yangu. Nimemwona rubani, kila safari, akishuka na kuizunguka ndege yake kwa miguu, anainama chini ya bawa, anatazama tairi, anachungulia injini. Hata kama ni ndege ileile aliyokuja nayo dakika arobaini zilizopita. Nimemwona fundi akikataa kutia saini kitabu cha ndege kwa sababu ya taa moja, abiria wananuna ukumbini, mmoja anapiga kelele kwamba atachelewa msiba, na fundi habadiliki. Siku safari yako ikichelewa kwa hitilafu, usiseme moyoni "nilijua tu". Mshukuru mtu huyo aliyesema hapana.

Najua unachokiona ukifumba macho. Unaiona Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, mkia wa ndege ukitokeza juu ya maji ya Ziwa Victoria, na wavuvi wakiwa na mitumbwi yao pembeni. Watu 43 walikuwamo, 19 walikufa. Mimi nilizitazama picha zile kwa jicho la kazi yangu na zikanikosesha usingizi. Ndege huanguka, Somoe, na baba anayekuambia hazianguki hakuheshimu.

Lakini tazama kinachofuata baada ya ajali ya ndege, kisha ulinganishe na ajali ya basi. Basi likipinduka, tunasoma dua, tunazika, na kesho yake dereva mwingine anapita kona ileile kwa mwendo uleule. Ndege ikianguka, wachunguzi huokota kila kipande. Hutafuta vile visanduku vinavyoitwa vyeusi, ingawa vimepakwa rangi ya machungwa ili vionekane, husikiliza kila neno la marubani, na kinachopatikana huandikwa ili wanaorusha ndege mahali pengine nao wajifunze.

Nitakupa mfano mmoja tuliofundishwa. Mwaka 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, kukiwa na ukungu. Walikufa watu 583. Rubani mkuu wa ndege moja alianza kuruka wakati nyingine bado iko mbele yake. Fundi aliyekuwa naye chumbani mle aliuliza kama wenzao wameshatoka njiani, na swali lake likapitwa, kwa sababu rubani yule alikuwa mkubwa na mwenye sifa. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa. Ndani ya chumba cha rubani mambo yamegeuzwa: mdogo akiona kosa ni wajibu wake kusema, na mkubwa ni wajibu wake kusikiliza. Hilo hufundishwa na kufanyiwa mazoezi duniani kote, kwa sababu ya wale 583. Hukuwapo, hata mimi nilikuwa mtoto, lakini wewe utaruka ukilindwa na walichokufa nacho.

Mama yako anasema hofu yako kubwa ni injini kuzimika juu ya bahari. Ndege ya injini mbili imetengenezwa iweze kuendelea kuruka na kutua kwa injini moja, na marubani wanalifanyia mtihani jambo hilo mara kwa mara. Zikizimika zote mbili, bado haianguki moja kwa moja chini. Bawa linaendelea kubebwa na hewa maadamu ndege inakwenda mbele. Agosti 2001, Airbus iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu yalivuja. Ilielea bila injini hata moja kwa takriban dakika 19, ikatua kwenye visiwa vya Azores. Watu 306, wote wakatoka hai. Sitarajii likupate. Nakueleza ili ukijua mwisho wa mambo yanavyoweza kuwa, usibaki kuubuni mwenyewe usiku.

Sasa sauti. Ninaamini nusu ya hofu ya msafiri mgeni ni kusikia kitu asichojua ni nini, kwa hiyo zisome hizi mpaka uzizoee.

Ndege ikianza kukimbia, injini zitanguruma na mgongo utabanwa kwenye kiti. Ikiachana na ardhi, utasikia kishindo chini ya miguu: matairi yanakunjwa na milango yake inafungwa. Muda mfupi baadaye sauti ya injini itapungua ghafla na tumbo litakuambia mnashuka. Hamshuki. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kurukia haihitajiki tena, na ndege inaendelea kupanda. Hapo ndipo wengi hushika mkono wa jirani. Utasikia pia mlio wa mota kwenye mabawa, vile vipande vya nyuma ya bawa vikirudishwa ndani, na kengele ndogo za wahudumu wakiitana. Wakati wa kutua vipande vitatoka tena, matairi yatateremka kwa kishindo na upepo utavuma zaidi nje. Yakigusa ardhi, utaona vibao vikisimama juu ya bawa na injini zitanguruma tena kwa nguvu. Hiyo ni breki.

Masikio yataziba. Meza mate, piga miayo, tafuna bigijii. Usipulize pua kwa nguvu, hasa ukiwa na mafua.

Na mtikisiko upo. Kati ya Addis na Guangzhou ni njia ndefu na majira haya kule Asia ni ya mvua, kwa hiyo usiutarajie usiwepo. Unakumbuka tukivuka kwenda Msangamkuu wakati wa kusi, mashua inapanda, inashuka, maji yanaruka mpaka kwenye kanga za akina mama, na nahodha anaendelea na mazungumzo yake? Hewa nayo ina mawimbi, ila hayaonekani. Ukitazama dirishani utaona bawa linapinda juu na chini. Limetengenezwa lipinde. Kabla ndege ya aina hiyo haijaruhusiwa kubeba abiria, muundo wake hupimwa kwa mzigo mara moja na nusu ya mkubwa kabisa unaotarajiwa kuupata. Wanaoumia kwenye mtikisiko karibu wote ni wale ambao hawakufunga mkanda, basi wako ufunge muda wote unapokaa, hata taa ikizimwa, hata ukilala. Omba kiti kilicho usawa wa mabawa. Hapo mtikiso ni mdogo kuliko mkiani.

Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, uitoe polepole kwa hesabu ya sita. Kutoa ndiko kunakotuliza, kwa hiyo usiharakishe kutoa. Legeza vidole, maana utajikuta umeshika kiti mpaka vimekufa ganzi. Na ukiingia tu, mwambie mhudumu: hii ni safari yangu ya kwanza na ninaogopa. Usione haya. Amewaona wengi, na atakuja kukuangalia bila kuitwa. Vile vidonge vya usingizi alivyokutajia rafiki yako wa Temeke usivimeze. Ukiona huwezi bila dawa, nenda kwa daktari umweleze safari yako. Kunywa maji, kwa kuwa hewa ya mle ni kavu, na inuka utembee kila baada ya muda ili damu isilale miguuni.

Kuna jambo moja ambalo ninataka uliogope kwelikweli. Mtu yeyote, hata awe wa kwetu, hata alie mbele yako pale uwanjani, akikuomba umbebee begi au bahasha tu ya ndugu yake aliyeko Uchina, kataa. Uchina dawa za kulevya zinaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo. Begi lako lifunge mwenyewe na usiliache.

Juzi ulikwenda Dar kwa basi, kilomita zaidi ya 500, na hukumwambia mtu kwamba umeogopa. Mimi njia hiyo naijua kwa ubaya wake, tangu enzi za pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mvua zikinyesha watu wanalala njiani na watoto. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 barabara ziliua takriban watu milioni 1.19 duniani. Ajali zote za ndege za abiria za mwaka mzima haziukaribii hata ukingo wa hesabu hiyo. Najua hesabu haishiki mkono wa mtu anayetetemeka. Ila ukiwa umetulia, kama sasa unaposoma, iweke mahali.

Bibi yako amesema huvuki bahari bila kuja kuombewa dua hapa nyumbani, na kwa hilo sina la kumjibu. Kwa hiyo nimekukatia tiketi ya ndege, Dar hadi Mtwara, Alhamisi ijayo asubuhi. Nimemtumia shangazi. Ni kama saa moja tu. Ikiwa ni ya pangaboi kama ile ya Bukoba, usiiogope kwa sababu hiyo. Nyuma ya lile panga mna injini ya tabo kama za ndege nyingine, na panga linaifaa safari fupi. Omba kiti cha upande wa kushoto. Bawa lake liko juu ya dirisha, na ukikaa karibu na injini utayaona matairi yakikunjwa kwa macho yako, sauti na kitu chake kwa pamoja. Mawingu yakiruhusu utaona midomo ya Rufiji inavyoingia baharini, na Mafia kule mbele. Kisha mtapita Kilwa, kisha ghuba ya Lindi, na kabla hujakaa sawa mtaanza kushuka.

Ukifika mlangoni pa ndege miguu ikakataa, rudi. Hakuna atakayekusema hapa nyumbani, wala mimi sitaihesabu pesa ya tiketi. Mbagala mabasi yapo, utakuja kwa basi na tutakaa tuzungumze upya, ana kwa ana, kabla hujakiandikia chuo chochote.

Mimi nitakuwa nje ya mlango wa kutokea abiria tangu saa mbili. Usibebe mzigo mwingi, ila dawa ya kifua ya bibi usiisahau. Jina lake mama yako ameshamwandikia shangazi.

Baba yako