Tusiuze darizi ikiwa kitambaa kitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu kazi za mikono za wanawake, hasa darizi. Hivi karibuni msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba kudarizi kwa mkono ni kupoteza muda, kwa kuwa mashine za kompyuta sasa zinatoa nembo ya shule kwa dakika chache. Kwenye nembo na sare namuunga mkono kabisa. Ila alipomalizia kwa kuwashauri mabinti waweke sindano chini watafute biashara nyingine, nilishindwa kunyamaza. Nimefundisha Sayansi Kimu mpaka nikastaafu, na sasa barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, wanakuja mabinti na kina mama kila Jumamosi alasiri tukadarizi pamoja. Wadarizi wapo, na wanunuzi wapo. Tunachokosa ni umaliziaji.

Nieleze ninachomaanisha. Mabinti wa siku hizi wanaipenda darizi ya msalaba, ile ambayo uzi unapishana kama herufi X juu ya kitambaa cha aida chenye matundu yaliyopangwa kwa hesabu. Michoro wanaipata kwenye simu, mingine wanaitunga wenyewe kwenye daftari la hesabu. Utamkuta mtu na kipande cha ukubwa wa kiganja, amedarizi jahazi lenye tanga jeupe, au shada la karafuu, au jina la mtoto wa dada yake. Ukigeuza nyuma hukuti mafundo wala nyuzi zilizorukaruka. Kazi safi. Halafu anakikunja, anakitia kwenye mfuko, na mfuko unaingia kabatini chini ya khanga. Nimewauliza wengi watakifanyia nini kipande kile, na jibu ni lile lile: "Sijui mwalimu, labda nitakitia fremu." Fremu yenyewe inauzwa ghali kuliko uzi na kitambaa vyote kwa pamoja.

Mama zetu hawakuwa na shida hii. Wao walidarizi kitu ambacho tayari kilikuwa na kazi yake nyumbani: foronya, shuka la bibi harusi, kitambaa cha kufunikia redio. Foronya ikishaandikwa "Lala salama" kwa uzi mwekundu imekwisha, inavalishwa mto usiku huo huo. Kipande cha aida hakiko hivyo. Ukimaliza kukidarizi, nusu ya kazi bado iko mbele yako.

Na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayokula faida yote. Kuna mfanyabiashara mmoja, jina lake naliacha, alikuja hapa kwetu akanunua vipande vya mabinti kwa shilingi elfu tatu kila kimoja. Walifurahi, nami nilifurahi nao. Baadaye tulikuja kuviona vipande vile vile dukani kwa wageni wa hoteli, vimegeuzwa kuwa mapambo ya kuning'iniza, na bei yake ni shilingi elfu ishirini na tano. Nilikishika kimoja nikakigeuza. Nyuma kimewekwa kitambaa cha kitenge, ndani kadibodi ya boksi, juu kamba ya uzi uliosokotwa. Basi. Hakuna kilichoongezwa ambacho binti wa darasa la saba asingeweza kukifanya kwa saa moja. Yeye aliyekaa na sindano kwa siku kadhaa akiumiza macho alipata elfu tatu, na aliyekata boksi akapata zilizobaki. Sisemi kwamba mfanyabiashara yule aliiba, bei walikubaliana. Nasema tulimuuzia kitu ambacho hakijakamilika, naye akakikamilisha.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili vizuri sana kwenye kofia. Kofia ya viua inashonwa kwa vipande viwili, kile cha duara cha juu na ule utepe wa kuzunguka kichwa, na kila kiua kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono kwa subira kubwa. Lakini nani aliwahi kukuta sokoni Zanzibar kofia inauzwa vipandevipande, mnunuzi akajiunganishie mwenyewe? Inaunganishwa, inafuliwa, inapigwa pasi, inakaa wima, ndipo inapotajiwa bei, na ikivuka bahari kwenda Oman inakwenda ikiwa kofia. Wapalestina nao, ambao darizi yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, hudarizi kipande cha kifuani kwa misalaba midogo kisha wakakishonea kwenye gauni. Gauni likichakaa, kipande kinabanduliwa na kuhamishiwa jipya. Hakuna anayekiacha kabatini.

Kwa hiyo tangu mwaka jana barazani kwangu tumekubaliana: hakuna kuanza kipande kipya kabla cha zamani hakijawa kitu. Na kitu tulichoanza nacho ni kimto cha kuchomekea sindano na pini.

Nilikichagua kimto kwa sababu kinahitajika. Pita kwa mafundi cherehani wa hapa mjini uone pini zinakaa wapi. Nyingine mdomoni, nyingine kwenye ukosi wa shati, nyingine kwenye kipande cha sponji kilichochanwa kwenye godoro. Pini ya mdomoni sihitaji kuieleza, kila mmoja anajua itakwenda wapi fundi akipiga chafya. Sponji nayo inanyonya unyevu, na hewa ya Tanga mnaijua; sindano ikilala humo masika inatoka na madoa ya kutu, ukiipitisha kwenye satini nyeupe umeiharibu nguo ya mtu.

Umbo tunalolipenda zaidi ni la pembe nane, ambalo Wafaransa wanaliita biscornu. Linatokana na vipande viwili tu vya mraba, na niliposema tunachokosa ni umaliziaji nilikuwa nafikiria hili hasa. Kwenye aida ya matundu 14 kwa inchi, nawaambia wahesabu vijumba 40 kila upande, yaani vimraba ambavyo kila kimoja kinabeba msalaba mmoja, ambavyo vinatoa zaidi kidogo ya sentimita saba. Pembezoni unazungusha mstari kwa mshono wa kurudi nyuma, kila hatua ikichukua vijumba viwili, hivyo kila upande unakuwa na hatua 20. Ni lazima hatua zigawanyike kwa mbili, maana katikati ya upande ndipo penye mambo yote. Unakata ukiacha kama sentimita moja nje ya mstari, unakunja hiyo sentimita kwa ndani, unaibana kwa ukucha ilale. Kisha unachukua kona ya kipande cha kwanza, na badala ya kuikutanisha na kona ya mwenzake, unaiweka kwenye hatua ya kumi, katikati ya upande wa kipande cha pili. Sindano inapita chini ya uzi wa hatua ya huku na uzi wa hatua ya kule, kitambaa chenyewe hakitobolewi. Baada ya hatua kumi unafika kwenye kona ya kipande cha pili. Unaizunguka na kuendelea.

Hapo mabinti huanza kulalamika kwamba kimepinda. Nawaambia waendelee kushona. Kona ya tatu ikishashikwa, kitambaa kilichokuwa bapa kinaanza kuinuka chenyewe mkononi, na mnapomaliza mzunguko kina pembe nane, nne zinatazama juu na nne zinatazama chini. Nimeshuhudia mtu mzima mwenye wajukuu akipiga kigelegele barazani kwangu kwa sababu ya kimto. Sehemu ya mwisho tunaiacha wazi kwa kujazia, tukishafunga tunapitisha uzi mnene katikati, kifungo cha kifuu juu na kingine chini, tunavuta mpaka kitovu kinaingia ndani.

Kwenye kujazia tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: tuna misufi. Sufi ni nyepesi, hainyonyi maji, ndiyo maana zamani ilikuwa ikijazwa hata kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Sindano ikikaa ndani yake haipati unyevu. Tunachambua mbegu nyeusi zote, kwa sababu mbegu moja iliyobaki itagongana na ncha ya sindano kila siku, na tunafunga leso puani kwani vumbi lake linakohoza. Ijazwe mpaka ishibe kwelikweli, hasa kwenye zile pembe nane, ukisukuma kwa kijiti cha mishikaki. Kimto kilicholegea kinazeeka mapema. Tahadhari moja: sufi inashika moto haraka sana, kwa hiyo kimto kisikae karibu na jiko wala mshumaa.

Kwa fundi anayetaka kimto kizito kisichotelezateleza mezani, tunatia kifuko cha mchanga katikati ya sufi. Uwe mchanga wa mto, uoshwe mpaka maji yatoke meupe, ukaangwe kwenye sufuria mpaka ukauke. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ni kutu. Mchele nao sishauri, hata kama kwenye video wanautumia. Kwa joto letu utaingia fukusi kabla ya mwezi kwisha.

Vipande vidogo zaidi, vya upana wa vidole viwili, vinakaa vizuri kwenye kizibo cha chupa: unakata duara, unapiga bandi pembeni, sindano ikizama na kuibuka, unavuta uzi kibane donge la sufi, unakibandika ndani ya kizibo kwa gundi na kuzungushia utepe. Unapata kimto cha kutia kwenye mkoba. Mapambo ya kuning'iniza ni mepesi kuliko hayo yote, nimeshayaeleza hapo juu kwa yale ya dukani. Niongeze tu kwamba kadibodi mbili zivalishwe kila moja peke yake, pembe zikunjwe kwa mshazari zisivimbe, ndipo zishonwe mgongo kwa mgongo. Na kabla ya yote hayo kipande kioshwe kwa maji baridi, kipigwe pasi kikiwa kimelala kifudifudi juu ya taulo ili misalaba isilale. Uzi wa rangi nyekundu na buluu ujaribiwe kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Uzi wa bei rahisi unachuja, na kimto kikishajazwa hakifuliki.

Sasa, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa walimu wenzangu walioko kazini, wa shule na wa vyuo vya ufundi. Sampuli za mishono tunazowafanyisha wanafunzi zinabandikwa kwenye daftari, zinasahihishwa, zinaishia humo. Mwanafunzi anapata alama kwa mshono wa mnyororo, kwa mshono wa msalaba, kwa unadhifu wa nyuma, naye anatoka shuleni hajawahi kukigeuza kipande chochote kuwa kitu cha kushikwa mkononi. Naomba alama ya mwisho itolewe kwa kitu kilichokamilika, hata kiwe kidogo kama kizibo cha chupa. Hakihitaji cherehani wala umeme. Vitambaa vya nyuma tunaviokota kwa mafundi, makapi ya kitenge wanayoyafagia jioni.

Na kwa kina mama wanaouza kwenye maonesho, Sabasaba na kwingineko, nawasihi msitaje bei ya darizi ikiwa bado bapa mezani. Vimto vyetu vya pembe nane tunaviuza shilingi elfu kumi na tano, na wanaonunua kwa wingi ni mafundi wa hapa hapa, si wageni. Fundi mmoja wa jirani yetu alinunua cha kwanza kwa kusitasita, akarudi kutaka cha kufunga kwenye kifundo cha mkono kwa lastiki. Tumemtengenezea. Kina herufi za jina la mkewe.

Mwisho, nimeambatanisha na barua hii mchoro wa kimto nilioutoa kwa penseli kwenye karatasi ya vijumba, kijumba kimoja cha karatasi kikiwa ni kijumba kimoja cha aida, na mshale unaoonyesha kona ya kwanza inakaa wapi. Nakuomba uuchapishe kwenye ukurasa wa familia kwa ukubwa ule ule, usiupunguze, ili mtu aweze kuhesabu moja kwa moja kwenye gazeti.

Mwalimu mstaafu wa Sayansi Kimu,
Ngamiani, Tanga.