Somo, mimi si mwizi

Tanga,
Jumapili jioni

Somo yangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na kicheko chako nimekisikia humo humo ndani. "Mwizi mtarajiwa," waniita. Haya. Shemeji yako naye, siku aliyokuta makufuli saba juu ya meza ya kulia, aliuhamisha ufunguo wa kabati la hati, na mpaka leo hajaniambia kauweka wapi.

Huu mchezo wangu wa kufungua makufuli bila ufunguo ulianza siku tuliyojifungia nje, ufunguo uko ndani. Fundi aliyekuja alikuwa na vyuma viwili vyembamba tu. Akaviingiza, akageuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, na dakika mbili hazikuisha mlango ukafunguka. Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Nilianza na ule mwongozo wa Kiingereza wa mwaka 1991, maarufu kwa jina la MIT, kile chuo kikuu cha Marekani, wa mtu aliyejiita Ted the Tool.

Ngoja nikueleze nilichokikuta, maana ndicho kilichoniteka. Ndani ya kitasa cha kawaida mna silinda yenye vitundu vitano hivi, vimepangana mstari. Kila kitundu kina pini mbili, moja juu ya mwenzake, na springi inazisukuma chini. Meno ya ufunguo huziinua mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawa na ukingo wa silinda. Zote zikikaa hapo, silinda inazunguka. Sasa, hakuna kiwanda kinachotoboa vitundu vikanyooka kabisa. Kimoja kitakuwa kimekwenda upande, hata kama ni chini ya unene wa unywele. Kwa hiyo ukiigeuza silinda kidogo bila ufunguo, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Unaiinua taratibu, inalia tik, silinda inajongea kidogo mno, halafu inabanwa nyingine. Yaani, somo, mlango mzima unafunguka kwa sababu keekee iliteleza!

Vyuma nimevitengeneza mwenyewe. Zile raba za waipa za gari zina vipande vyembamba vya chuma ndani. Fundi gari wa mtaani alinipa bure zilizochakaa. Kimoja nilikikunja kiwe cha kugeuzia, kingine nikakipiga tupa na msasa kikawa na kincha kama ndoana, cha kuinulia. Nikafungua kitasa kikuukuu, nikatoa pini zote, nikabakiza moja, nikajizoeza na hiyo moja hadi nikachoka. Kisha mbili. Katika kurudisha ya tatu springi ikaruka, ikaingia chini ya kabati, na huko ndiko ilikohamia.

Miongozo yote inasema "tumia nguvu kidogo", wala hapana hata mmoja unaokwambia kidogo ni kiasi gani. Mimi nilikuwa nakamata kile chuma kama nakamua blanketi. Pini zote zinabanwa pamoja, vidole vinauma, hakuna kinacholia. Jibu nililipata sokoni bila kulitafuta: ni vile unavyobonyeza embe kujua kama limeiva, bila mwenye genge kukukemea. Jioni hiyo hiyo kufuli la kwanza likafunguka. Nililifunga tena haraka nikidhani limejifungua lenyewe.

Kisha nikakutana na pini zenye kiuno cha nyigu. Hizo zimewekwa kwa hila: silinda inazunguka kidogo, unashangilia, kumbe imekwama. Inabidi ulegeze mkono hadi silinda irudi nyuma kiasi, na kurudi huko kunaweza kuangusha pini ulizokwisha kuziweka. Kufuli langu lenye pini hizo lina wiki tatu sasa, limenikalia tu pale. Najiliwaza kwa Hobbs, yule fundi makufuli wa Kimarekani aliyekwenda London mwaka 1851. Kulikuwa na kufuli la Bramah, watengenezaji makufuli wa huko, lililowekwa dirishani mwa duka lao kwa miaka mingi na ahadi ya gini 200, fedha za Kiingereza za zamani, kwa atakayelifungua. Alilifungua, lakini lilimla saa 51, zilizogawanywa katika siku 16.

Wapenzi wa mchezo huu wana masharti mawili. Usiguse kufuli la mtu bila ruhusa yake, na usiguse unalolitegemea. La kwanza nimelishika. La pili nililivunja mwezi uliopita: nikajaribu kitasa cha mlango wetu wa mbele, chuma kikakatikia ndani, ikabidi niite fundi yule yule. Alicheka mpaka akakaa kizingitini, kisha akanitoza bei ya mgeni.

Sasa lile ombi lako, kwamba nikija Idi nije na vyuma vyangu nawe ujaribu. Siji navyo. Sheria zetu, kwenu na kwetu, humshika mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na unajua basi letu linavyochelewa. Nianze kumweleza askari pale mpakani Horohoro habari za pini na nyigu? Tutatengeneza vingine huko huko Mombasa. Wewe tafuta waipa kuukuu na tupa ndogo, na yale makufuli yaliyopoteza funguo dukani kwa kaka yako, mwombe asiyatupe. Ila mwambie ni ya nini, asije naye akahamisha funguo zake.

Nisalimie wifi na watoto.

Somo yako,
Zuhura wa Tanga