Mwanangu, deni hilo si lako

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu umefikia umri ambao magenge ya uhalifu huutafuta, na ninataka uyajue mapema yale ambayo vijana wengi huyajua wakiwa wameshanaswa.

Watu hao hawaji na silaha siku ya kwanza. Humtazama kijana aliyeacha shule, aliyetoroka nyumbani, au asiye na mtu wa kumuuliza jana alikuwa wapi, kisha humpa kile hasa anachokikosa: simu, viatu, ulinzi, au mtu mzima wa kumsikiliza na kumwita mdogo wangu. Wengine hawaonani naye kabisa, bali humtumia ujumbe wa kazi nyepesi yenye malipo ya haraka. Baadaye huja ombi dogo la kupeleka kifurushi au kupokea fedha za mtu katika akaunti yake.

Kinachofuata ni deni, nalo ndilo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Nchini Uingereza, ambako magenge ya miji mikubwa huwatumia watoto kupeleka dawa za kulevya katika miji midogo, imebainika kwamba bosi huweza kuwatuma watu wake mwenyewe wamvamie mtoto njiani na kumpora mzigo, ili kesho yake amwambie kuwa amepoteza mali ya watu na lazima ailipe kwa kazi. Mtoto hajui kwamba aliyempora na anayemdai ni kundi moja. Deni hilo haliishi, kwa kuwa halikuwekwa ili lilipwe, na akitaka kuacha huambiwa kwamba ndugu zake wataumizwa.

Usidhani kwamba elimu pekee itakukinga. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walikuwa wamesoma na waliitikia matangazo ya ajira. Walipofika walinyang'anywa pasipoti, na wapo waliodaiwa fedha kabla ya kuachiwa.

Sheria ya kimataifa iko upande wa mtoto. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya biashara haramu ya binadamu inasema kwamba kumsajili mtu aliye chini ya miaka 18 ili anyonywe ni kosa hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, na hata kama mwenyewe alikubali. Hata hivyo sitakuficha kwamba katika nchi nyingi mtoto aliyekamatwa na mzigo bado hushughulikiwa kama mhalifu, jambo ambalo naliona ni dhuluma juu ya dhuluma, kwani aliyemtuma hubaki huru akitafuta mwingine.

Kwa hiyo, wakikuambia unadaiwa, usilipe kwa safari nyingine na usiende kuzungumza nao peke yako. Usiufute ujumbe wao hata kama una mambo ya kukuaibisha, maana ndio ushahidi wako. Niamshe hata kama ni usiku wa manane, unieleze yote, pamoja na uliyoyafanya kwa hiari yako. Tutatafuta wakili kwanza, kisha nitakwenda nawe polisi, na hutaulizwa swali hata moja nikiwa sipo.

Ni mimi mama yako